Kuamriwa Kuvaa, Kulipwa Kuvua: Mwili wa Mwanamume Jukwaani, Karatu na Ngorongoro

Jioni moja mjini Karatu nilikuwa nimeketi uani mwa hoteli nikisubiri chakula. Jua lilipokaribia kuzama waliingia vijana sita kwa bodaboda, wakapita mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Walivaa suruali za jinzi, fulana za timu za mpira na raba. Robo saa baadaye vijana wale wale walitokea upande wa pili wa ua wakiwa na rubega nyekundu begani, kifua nusu wazi, shanga shingoni, katambuga miguuni na fimbo mkononi. Waliimba, wakaruka, wageni wakapiga picha, kikapu kikapitishwa mezani. Nilipokwenda kunawa mikono niliona mabegi sita ya shule yamepangwa juu ya benchi kando ya magunia ya mkaa, na ndani yake suruali zimekunjwa vizuri. Onyesho lilipokwisha walirudi nyuma ya jiko, wakavaa suruali zao, wakagawana noti, wakaondoka.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani kama historia ya wanaume wanaovua nguo jukwaani kwa malipo ni mada inayostahili chuo kikuu. Wenzake walicheka. Nilimjibu kwamba inastahili, na kwamba hahitaji kwenda Los Angeles kuitafuta. Makala hii ni jibu langu kamili zaidi kwake.

Niweke jambo moja wazi mapema. Sisemi kwamba ngoma ya Wamaasai ni maonyesho ya kuvua nguo. Rubega ni vazi, tena vazi lenye heshima yake, na anayelivaa hayuko uchi. Ninachouliza ni hiki: mwili wa mwanamume unapogeuzwa kuwa burudani ya kulipiwa, ni nani anayeamua uvae nini, ni nani anayetazama, na ni nani anayepokea fedha? Katika eneo la Karatu na Ngorongoro maswali hayo yana historia ndefu, na historia hiyo haikuanzia hotelini.

Chicago, 1893

Huko Ulaya na Marekani mwili wa mwanamume ulianza kuuzwa kama tamasha zamani kabla ya kumbi za leo. Mwaka 1893, wakati wa Maonyesho ya Dunia ya Chicago, mtunisha misuli kutoka Prussia aitwaye Eugen Sandow alipanda jukwaani akiwa amevaa kidogo sana. Meneja wake, Florenz Ziegfeld, aliwakaribisha akina mama wa tabaka la juu waje nyuma ya jukwaa waiguse misuli hiyo kwa mikono yao. Sandow alipata jina, mkataba na utajiri. Baadaye alifungua shule za mazoezi na kuchapisha jarida lake mwenyewe.

Katika mji huo huo, mwaka huo huo, ndani ya viwanja vya maonyesho kulikuwa na kijiji cha watu wa Dahomey, nchi iliyo leo Benin. Nao walilipiwa kiingilio ili watazamwe wakicheza ngoma, vifua wazi. Watazamaji waliokwenda kwa Sandow waliondoka wakilijua jina lake. Waliotoka kwenye kijiji cha Dahomey waliondoka wakijua jina la kabila tu. Miili ilikuwa ya wanaume pande zote mbili, na pande zote mbili kulikuwa na tiketi. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alionyeshwa kama mtu mwenye uwezo wa pekee, na wengine walionyeshwa kama mfano wa aina ya watu.

Ulaya iliendelea na maonyesho ya namna hiyo kwa miongo kadhaa. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alikuwa ameanza kuwaonyesha binadamu tangu mwaka 1874. Mwaka 1896 Maonyesho ya Kikoloni ya Berlin yaliwaweka katika bustani ya Treptow watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Msomaji ataona kwamba biashara ya wanyama na biashara ya kutazama watu zilikuwa na baba mmoja. Jambo hilo tulikumbuke tutakapofika Ngorongoro.

Maonyesho ya kuvua nguo kama yanavyofahamika leo ni ya karibuni zaidi. Mwaka 1979 mhamiaji kutoka India, Somen Banerjee, alianzisha katika klabu yake ya Los Angeles onyesho la Chippendales, ambamo wanaume walivua nguo mbele ya wanawake waliolipa kiingilio. Wakati ule ulikuwa na maana yake. Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wameanza kuwa na mishahara yao na haki ya kuitumia usiku watakavyo. Aidha, wanaume wale mara nyingi walipanda jukwaani wakiwa wamevaa sare ya kazi: askari, mzima moto, fundi wa ujenzi. Walivua vazi la kazi hatua kwa hatua.

Mwaka 1997 filamu ya Kiingereza, The Full Monty, ilisimulia habari za wanaume wa Sheffield waliopoteza ajira viwandani, wakaamua kuvua nguo jukwaani ili wapate fedha. Ni filamu ya kuchekesha, lakini msingi wake ni wa huzuni. Sheffield ulikuwa mji wa chuma, na katika miaka ya 1980 maelfu ya ajira za chuma zilitoweka. Mwanamume aliyekuwa akiuza nguvu za mikono yake alibaki na mwili ambao hakuna aliyeuhitaji kwa kazi, akauuza kwa kutazamwa. Nitairejea Sheffield mwishoni, kwa sababu nadhani iko karibu na Karatu kuliko tunavyodhani.

Kabla ya tiketi

Jamii zetu hazikungoja wageni ili zifurahie kumtazama mwanamume. Katika eunoto, sherehe ya Wamaasai ya kuwavusha morani kutoka daraja moja hadi jingine, vijana huruka mbele ya rika lao, mbele ya wasichana, mbele ya mama zao na wazee. Wanatazamwa, wanasifiwa, wanashindanishwa. Itakuwa unafiki kusema kwamba hakuna matamanio katika kutazamwa huko, kwani wasichana huimba na wana macho. Lakini anayetazama leo naye atatazamwa kesho. Mtazamaji anamjua mchezaji kwa jina, kwa ukoo na kwa ng'ombe wa baba yake. Hakuna anayelipa, na hakuna anayeweza kuondoka na mwili ule ndani ya kamera bila kubaki na wajibu wowote.

Pwani na bara kulikuwa na mfano mwingine, wa kuvaa badala ya kuvua. Ngoma ya beni ilizuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikasambaa Tanganyika, na kwa wapagazi na askari wa Vita Kuu ya Kwanza ikafika mbali zaidi. Wanaume waligawanyika katika vyama vya ushindani, maarufu zaidi vikiwa Marini na Arinoti. Walivaa sare mfano wa zile za kijeshi, wakajipa vyeo vya Kizungu, wakaandamana barabarani kwa tarumbeta. Wakoloni walishindwa kuamua kama walikuwa wakiigwa au wakidhihakiwa. Mwanamume wa beni alikuwa burudani ya mji mzima, lakini vazi alilichagua na kulilipia yeye mwenyewe.

Ndiyo kusema swali la nani anachagua vazi lilikuwepo mapema. Wapelelezi na maofisa wa Ulaya walilijibu kwa namna yao. Joseph Thomson wa Scotland alichapisha kitabu chake cha safari ya nchi ya Wamaasai mwaka 1885, na morani mrefu mwenye mkuki akawa picha iliyopendwa na wasomaji wa London. Oscar Baumann alifika Ngorongoro mwaka 1892, katika miaka ambayo sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe. Watu aliowakuta walikuwa mifupa na ngozi, wakifa kwa njaa. Hata hivyo, picha iliyobaki katika akili ya Ulaya si ya wale wenye njaa. Ni ya yule morani mwenye afya, aliyesimama kwa mguu mmoja, asiye na historia.

Arusha, 1968

Uhuru ulipokuja ulitarajiwa kulisahihisha hili. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za Kizungu lakini hawakujua ngoma za kwao. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Utamaduni ukawa jambo la serikali.

Tatizo lilijitokeza Arusha. Kuelekea mwisho wa mwaka 1967 na katika mwaka 1968 uongozi wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha nchi ya Wamaasai pamoja na Mbulu na Karatu yake, uliendesha kampeni iliyojulikana kwa Kiingereza kama Operation Dress-Up. Wanaume wa Kimaasai walitakiwa waache rubega, waache kujipaka mafuta na udongo mwekundu, waache kusuka nywele, wavae suruali na shati. Asiyetii alikabiliwa na kunyimwa huduma, ikiwemo usafiri wa basi. Hoja ya viongozi ilikuwa ya maendeleo na usafi, lakini chini yake kulikuwa na aibu. Walichukizwa kwamba watalii walikuwa wakipiga picha mwili wa raia wa Tanzania kama wanavyopiga picha ya twiga, na kwamba picha hizo zingeifanya nchi changa ionekane ya kishenzi.

Hoja hiyo tusiidharau. Viongozi wale walikuwa wanajua vizuri historia niliyoieleza juu, ya Berlin na Chicago. Walikosea mahali pengine. Waliliona kosa machoni mwa mtazamaji, lakini waliyemwadhibu ni mtazamwaji. Mpiga picha aliendelea na safari yake, na morani ndiye aliyeshushwa basi.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kuchubua ngozi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba si utamaduni wa Mwafrika. Waandishi wa barua magazetini hawakukawia kuuona mgongano. Dar es Salaam msichana aliambiwa kwamba miguu wazi ni uigaji wa Kizungu. Arusha morani aliambiwa kwamba miguu wazi ni ubaki nyuma wa Kiafrika. Sheria mbili, mwili mmoja, na zote mbili zikitolewa na wanaume waliovaa vizuri waliokaa ofisini.

Mwaka huo huo wa 1968, ng'ambo ya mpaka, familia moja ya walowezi katika Bonde la Ufa la Kenya ilianza kuwaonyesha Wamaasai kwa watalii katika shamba la Mayers, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Wageni walitazama morani wakicheza, kisha wakanywa chai kwenye nyasi za bustani ya wenye shamba. Wachezaji walikatazwa kuonekana na saa za mkononi au fulana, maana vitu hivyo vingeharibu picha. Onyesho lile lilidumu hadi miaka ya 1980, serikali ya Kenya ilipolifunga kwa kuwa lilinuka ukoloni. Kwa hiyo mwanamume wa Kimaasai wa mwaka 1968 akiwa Arusha aliamriwa avae suruali, na akivuka mpaka aliamriwa aivue. Sijui mfano mwingine katika historia yetu unaoonyesha kwa ufupi hivi kwamba tatizo halikuwa vazi. Tatizo lilikuwa amri.

Kenya ilijaribu njia ya tatu. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1971, iliajiri wachezaji wa kudumu waliojifunza ngoma za makabila mengi. Mkikuyu aliweza kucheza ngoma ya Kigiriama, Mluo ngoma ya Kisamburu. Wengi wamelalamika kwamba si ngoma halisi. Huenda, lakini mchezaji wa pale anajulikana kuwa mchezaji. Akimaliza kazi anavua vazi la kazi kama nesi au dereva, wala hakuna anayedai kwamba ndivyo anavyolala nyumbani kwake.

Boma la utamaduni

Tanzania ilirudi kwenye mwili ule kwa mlango wa uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tepilit Ole Saitoti, kijana wa eneo hili la Ngorongoro na Serengeti, aliigiza katika filamu ya National Geographic kuhusu maisha yake, na mwaka 1980 akatoa pamoja na mpiga picha Carol Beckwith kitabu kikubwa cha picha za Wamaasai kilichouzwa duniani kote. Saitoti aliandika kwa sauti yake mwenyewe, na hilo ni muhimu. Lakini wengi walionunua kitabu waliangalia picha.

Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 utalii ukawa tegemeo la fedha za kigeni. Katika miaka ya 1990 zikaanzishwa boma za utamaduni ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kando ya barabara iendayo Serengeti. Utaratibu wake wageni wanaujua: gari linasimama, kiingilio kinalipwa kwa gari, mara nyingi kiasi cha dola 50, wanawake wanaimba, morani wanaruka, mgeni anaalikwa kuruka nao, anaingizwa ndani ya nyumba, anauziwa shanga, anaonyeshwa chekechea. Ni kazi halali, na kaya nyingi zimenunua mahindi na kulipa ada kwa fedha hizo. Kuna pia malalamiko ya muda mrefu kuhusu sehemu ya kiingilio inayobaki mikononi mwa madereva na waongozaji kabla ya kufika kwa wachezaji.

Upande wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, wako Wahadzabe. Wageni huondoka hotelini alfajiri wakawafuate wanaume mawindoni. Mwindaji anayeweza kuwa na kaptura na fulana siku za kawaida, siku ya wageni hujifunga ngozi ya nyani. Hapa biashara imekwenda hatua zaidi, kwa sababu kinachouzwa si ngoma tena. Kinachouzwa ni imani ya mgeni kwamba mtu huyu hajabadilika tangu binadamu aanze, na kwamba yuko jirani na zile nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978. Ili imani hiyo idumu, kaptura lazima ifichwe.

Na pwani mambo yamefika pale ambapo mwanafunzi wangu alianzia. Tangu utalii wa fukwe ukue, vijana wenye rubega, Wamaasai na Wasamburu, pamoja na wengine wasio mojawapo, wamekwenda Mombasa na Zanzibar kulinda hoteli, kuuza shanga na kucheza jioni. Baadhi yao wameingia katika uhusiano na wanawake wa Ulaya ambamo mapenzi na fedha ni vigumu kutenganishwa. Kitabu cha Mswisi Corinne Hofmann cha mwaka 1998, kuhusu ndoa yake na morani wa Kisamburu, kiliuzwa kwa wingi mno, na filamu yake ikatoka mwaka 2005. Hapo ndipo onyesho la Los Angeles na la Bonde la Ufa yanapokutana: mtazamaji mwanamke mwenye fedha zake, mwili wa mwanamume, na vazi linalovaliwa ili litazamwe.

Nashangaa jinsi vyombo vyetu vya maadili vilivyo kimya juu ya hili. Wanawake walipocheza kanga moko katika sherehe za mijini, viongozi walilaani na wachezaji wakafuatwa na polisi. Mwanamume akicheza nusu kifua wazi mbele ya mgeni anayelipa dola, tunaita utangazaji wa utalii. Sitaki morani naye akamatwe. Nataka tukiri kwamba maadili tunayoyasema hutegemea nani ameketi kwenye kiti cha mtazamaji na amelipa kwa fedha gani.

Mwili na ardhi

Mtu anaweza kusema: vijana wanapata fedha, wageni wanafurahi, kuna ubaya gani? Ubaya wa Ngorongoro ni kwamba pale vazi limefungwa pamoja na haki ya kukaa.

Sheria ya mwaka 1959 iliyoanzisha Hifadhi ya Ngorongoro ilitokana na makubaliano. Wamaasai walioondolewa Serengeti waliahidiwa kwamba watakaa Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa kiasi, na mwaka 2009 kikapigwa marufuku tena. Ujenzi wa nyumba za kisasa umebanwa. Idadi ya watu, iliyokuwa kama 8,000 wakati wa kuanzishwa kwa hifadhi, imefikia karibu 100,000, na serikali inasema mazingira hayawezi kuibeba.

Msomaji mtumishi wa umma atasema kwamba hoja ya mazingira ni hoja ya kweli, na mimi sibishi kwamba hifadhi yenye kilomita za mraba zaidi ya 8,000 ina mipaka yake. Ninachoonyesha ni masharti yasiyoandikwa. Mmaasai amevumiliwa hifadhini kadiri alivyofanana na picha: mfugaji, mwenye rubega, nyumba ya udongo na samadi. Akipanda mahindi, akijenga kwa saruji, akinunua pikipiki, husemwa kwamba amepoteza utamaduni na hivyo amepoteza hoja ya kukaa. Akibaki kama picha, husemwa kwamba anaishi katika umaskini usiofaa na anapaswa kuhamishiwa penye huduma. Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja.

Aprili 2022 nchi yetu ilizindua filamu ya Royal Tour ili kuvutia wageni, na mwaka 2023 watalii kutoka nje walizidi milioni 1.8. Juni 2022, miezi miwili tu baada ya uzinduzi ule, kaya za kwanza zilianza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni. Serikali ilisema ni kwa hiari, wengi wa wakazi na watetezi wa haki wakabisha hiari hiyo, wakitaja kupunguzwa kwa huduma za afya na elimu hifadhini. Picha ya morani imebaki kwenye mabango na vipeperushi. Mwenye picha ndiye anayejadiliwa kama abaki au aende.

Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji na vitongoji vya Ngorongoro kwenye orodha rasmi, jambo lililotishia pia nafasi ya wakazi wake kupiga kura. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walitoka na rubega zao wakaketi kando ya barabara ile ile iendayo Serengeti, ambako boma za utamaduni ziko. Magari ya watalii yalisimama. Wageni walitazama na kupiga picha kama kawaida yao. Siku zile hakuna aliyekusanya kiingilio, na hakuna aliyeruka kwa sababu gari limesimama. Vazi lilikuwa lile lile na watazamaji walikuwa wale wale, lakini mara hii waliovaa ndio waliochagua saa, mahali na ujumbe. Mahakama Kuu ya Arusha ililisimamisha tangazo lile kwa muda, na serikali ikatuma waziri kuzungumza na watu na kuahidi kwamba huduma zitarejeshwa.

Turudi nyuma ya jiko

Wapo wanaharakati wanaoniambia kwamba vijana wa Karatu wanajidhalilisha na kwamba boma za utamaduni zifungwe. Nawaomba wasome tena mwaka 1968. Anayesema hivyo anazungumza kwa lugha ya wale walioamuru suruali: ameona macho mabaya ya mtazamaji, akaamua kumfunga mchezaji. Wanaume wa Sheffield hawakuhitaji mahubiri juu ya nguo zao. Walihitaji kiwanda, na kilipokosekana walihitaji angalau kugawana kiingilio kwa haki.

Kijana anayeruka uani mwa hoteli ana haki ya kuishi kwa ngoma yake. Ana haki pia ya kuwa na mkataba ulioandikwa, ujira unaojulikana badala ya kikapu, na mahali pa kubadilishia nguo pasipo na magunia ya mkaa. Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa wanazo sheria za kazi za kutosha kwa hayo bila kusubiri sera mpya. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wakae na madaftari ya boma za utamaduni, wahesabu dola 50 za gari moja zinagawanyika vipi hadi zinamfikia aliyeruka.

Lakini zaidi ya ujira kuna haki ambayo vijana sita wale tayari wanaitumia kila jioni bila kuomba kibali: haki ya kuvaa rubega saa kumi na mbili na kuvaa jinzi saa moja, na kubaki Mmaasai, raia na mkazi wa mahali pake saa zote mbili. Ngorongoro haki hiyo bado haijakubaliwa. Siku tutakapokubali kwamba mwenye pikipiki na nyumba ya saruji ana haki sawa na yule wa kwenye bango, mjadala wa hifadhi utabaki mgumu, lakini utakuwa mjadala kati ya watu.

Mwanafunzi wangu ameanza kuandika tasnifu yake. Nimemshauri aanze na yale mabegi ya shule.